Libaya ya Mama Apolina

Siku ile walikuwepo hawa: mama yangu mzazi, kitandani hospitalini, wadogo zangu watatu, Bahati, Furaha na Safari, wamebanana kwenye benchi moja kwa sababu benchi la pili lilikuwa na mguu mbovu, jirani yetu wa mtaa wa Saio hapa Bunia, Mama Neema, aliyetuletea uji kwenye termosi, mwuguzi Kaloli, aliyekuwa akipima joto la wagonjwa, mimi, mkubwa wa watoto, na mwanamke mrefu nisiyemjua, ambaye alichomeka sindano kwenye ukosi wa nguo yake jinsi wengine wanavyochomeka broshi ya urembo. Huyo alikuwa Mama Apolina, mshonaji wa hospitali. Nawataja wote kwa sababu wote waliona. Deni lenye mashahidi hao wote siwezi kusema nimelisahau.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baba alikuwa amekufa zamani, udongo wa mgodi wa dhahabu ulipomwangukia, nami nikaacha shule nikiwa mwaka wa tano wa primeri ili nimsaidie mama kuuza mandazi. Sikurudi tena darasani. Wadogo zangu walikua mikononi mwangu. Mwanaume mmoja alikuja kuuliza habari zangu, akahesabu sahani zilizopangwa mezani, akakumbuka ana safari.

Sasa mama naye alikuwa anamalizika. Mikono yake ilikataa kunyanyuka. Libaya zake, zile blauzi za kikwembe, yaani kitenge, tunazovaa hapa kwetu, zote zilikuwa za kuingiza kichwani, na hazikuingia tena. Basi alilala na shuka la hospitali mpaka kidevuni, mwanamke ambaye hakuwahi kwenda hata bombani bila kikwembe kinachofanana juu na chini. Watoto walipokuja, aliwaambia wakae kule kwenye benchi, wasisogee. Nilidhani anaogopa kuwaambukiza.

Mama Apolina alikuwa amepita jana yake, akasimama kidogo miguuni pa kitanda, akaenda. Siku ile alirudi na libaya iliyo wazi mgongoni. Hakumwinua mama. Alimtandikia kwa mbele, kama mtu anayetandika kitambaa cha meza, akapitisha mkono mmoja, akapitisha wa pili, akafunga kamba ndogo ubavuni. Kitambaa kilikuwa cha buluu chenye maua ya njano, na ukosi umetariziwa uzi mweupe. Nusu ya pili ya kitambaa hicho hicho alikuwa amejifunga yeye mwenyewe kiunoni. Alikuwa amekata kikwembe chake.

Mama Neema alikuwa na kioo kidogo. Mama akajitazama muda mrefu. Kisha akageukia benchi.

"Mukuye sasa," akasema. "Mukuye munisalimie muzuri."

Safari alifika wa kwanza. Mama akafa juma lile lile, tukamzika na libaya ile.

Matanga yalipokwisha nikaenda hospitalini kutafuta mwenye kikwembe. Nilimwambia nitamlipa, kitambaa kwa kitambaa, hata kama itachukua miaka. Aliniangalia mikono, akaigeuza viganja juu kama mtu anayenunua nyanya. Akasema habari ya kulipa tutaiongea baadaye, kwanza nije kazini siku ya lundi, yaani Jumatatu.

Chumba chetu cha ushonaji ninyi niliowaachia mnakijua, lakini wakati ule kilikuwa kati ya dobi na jiko, na shuka zote za hospitali zilinukia sabuni na maharagwe. Kulikuwa na mashine mbili za miguu: moja ya kushonea, na moja ya kuibiwa vyuma ili ile ya kwanza iendelee. Pasi ilikuwa ya makaa. Mkasi mzuri ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa Mama Apolina. Mkasi wa pili ulikata vizuri karatasi. Vyeo na mishahara siwaandikii. Vyeo vilikuwa viwili, chake na changu, na mishahara mnaijua.

Kazi ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa ya mzee wa kitanda cha dirishani. Nikavaa mita, ule utepe wa kupimia, shingoni, nikatoka kwa furaha. Sikufika mlangoni, Mama Apolina akaniita.

"Weye, hiyo mita unaipeleka wapi?"

Nikasema nakwenda kumpima mzee mabega.

"Mutu mwenye kulala, nani anamupimaka na mita?"

Nikaanza kuivua.

"Menizie," akasema, maana yake seremala. "Menizie wa sanduku ya maiti. Weye uko menizie?"

Ndipo akanieleza. Kabla yangu walimleta fundi wa sokoni amsaidie. Fundi alikuwa hodari na suruali. Siku yake ya kwanza aliingia wodini, akamnyoosha mama mmoja wa Iga Barrière kitandani, akampima kutoka utosini mpaka kisigino, kwa sauti, huku akiandika. Yule mama akaanza kulia, akiita jina la marehemu mume wake. Ndugu zake wa kiume walikuwa nje wanakula. Walipoingia, fundi alitoka kwa dirisha. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamembeba dada yao kwenda nyumbani, na hakuonekana tena hospitalini. Fundi naye hakurudi, hata kuchukua mita yake. Ndiyo hiyo iliyokuwa shingoni mwangu.

Kwa hiyo nilijifunza kupima kwa jicho. Mama Apolina aliniweka mlangoni, na kila aliyepita nilipaswa kusema upana wa mabega yake kwa vidole, kisha tukampima akiwa amesimama tuone nimekosa kwa kiasi gani. Masera mkuu, sista aliyeongoza hospitali, alikataa kupimwa, lakini baada ya siku chache alianza kupita mlangoni petu polepole kuliko ilivyohitajika. Mpaka leo siwezi kuingia kanisani bila kujua nani amepungua.

Mengine aliyonifundisha ninyi mnayafanya, ila pengine hamjui sababu. Mshono tunaugeuzia nje kwa sababu ngozi ya mtu aliyekonda inahisi kila uzi. Fundo haliwekwi mgongoni, maana anayelala chali atalilalia mchana kutwa na ataona haya kulalamika juu ya fundo wakati ana maumivu makubwa zaidi. Kikwembe kipya kinafuliwa mpaka wanga wote utoke na kiache kupiga kelele. Mikono ya nguo iwe mipana, mwuguzi apitishe mkono wake kwa ndani na kuuvuta wa mgonjwa. Na mfuko uwepo kila wakati, hata mdogo, kifuani. Mtu asiye na mfuko hana tena kitu chake. Nimekuta kwenye mifuko hiyo rozari, ufunguo, mbegu za malenge, na mara moja kifaranga, ambacho nilikirudisha kwa mwenyewe baada ya Masera kupita.

Tarizi ilikuwa jambo la mwisho na la furaha. Mama Apolina aliketi pembeni ya kitanda na kuuliza: tukuandikie nini hapa kwenye ukosi? Wengi walitaka jina. Wengine walitaka jembe, nyota, jogoo. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka upande wa Butembo alitaka baiskeli, akanisumbua kwa spoki mpaka nikazitimiza zote, gurudumu la mbele na la nyuma.

Kulikuwa na familia zilizotukataza. Walisema kumshonea mgonjwa nguo ni kumwitia kifo. Mama Apolina hakuwagombeza. Aliwajibu hivi kila mara:

"Nguo ya kuzikwa banaishona mbio mbio, na mwenye kuivaa haione. Hiyo haiko kazi yetu. Siye tunashona ile anaiona."

Vipande vilivyobaki vilikuwa vyangu. Niliwavisha wadogo zangu kwa vipande hivyo. Kaptula ya Safari ilikuwa na mguu wa kijani na mguu mwekundu, na katikati njano, wenzake wakamwita Drapo, yaani bendera. Leo ni mwalimu, na wanafunzi wake wanajua jina hilo pia.

Sasa niwaeleze habari ya Muzee Lukas, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa fundi.

Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, kwamba miaka ile serikali ilikataza kravati, ile tai ya shingoni. Watu wa ofisi walivaa abakosti, lile koti lenye ukosi uliofungwa. Aliyekuwa na kravati aliificha, au aliifanya mshipi. Muzee Lukas alikuwa karani wa ofisi ya mgodi maisha yake yote. Kabla ya katazo alivaa kravati kila asubuhi, hata siku ya kumwagilia nyanya zake pale Saio. Ilikuwa moja, ya kahawia, yenye mistari myembamba. Alikuja kwetu na ugonjwa wa tumbo ambao haukuwa na dawa, na kravati ilikuwa imekunjwa ndani ya kiatu chake.

Mama Apolina alipomuuliza anataka kuvaa nini, akajibu anataka kravati. Mwanawe Baraka alikuwa pale. Alifanya kazi ofisi ya zone, yaani ya wilaya, na chefu wake, mkubwa wa ofisi, alikuwa ameahidi kuja kumsalimu mgonjwa. Akamwomba baba yake kwa sauti ya chini: chefu akiikuta kravati, yeye atakosa kazi, na wajukuu watakula nini?

"Chefu wako anakuya kusalimia mugonjwa, ao anakuya kusalimia shingo?" mzee akauliza.

"Papa, usifanye muchezo."

"Nilikuwa mutu wa kravati. Nikienda bila yee, kule banaweza kukosa kunijua."

Baraka akatoka nje akasimama ukutani. Sikumcheka. Alikuwa na haki, na mzee alikuwa na haki, na kitanda kilikuwa kimoja.

Mama Apolina aliipapasa kravati kati ya kidole na kidole. Kisha akamfuata Baraka nje, akamwomba abakosti yake nzuri. Baraka alidhani tunataka kumvisha mzee hiyo badala ya kravati, akaileta haraka. Tulipofika chumbani kwetu, Mama Apolina akaniwekea vyote viwili mapajani.

"Fungua bitana," akasema. "Kravati ilale ndani, kwa kifua, kutoka shingo mupaka kwa tumbo. Macho yangu imechoka na kazi ya namna hiyo. Shona weye."

Nilifungua bitana. Lakini kravati bila fundo ni utepe tu, na sisi wawili hatukujua kuifunga. Tukarudi kwa mzee. Baraka akajitolea kumsaidia. Mzee akamwambia aende kwanza akajifunze kwa mtu mwenye shingo. Akaifunga yeye mwenyewe kuzunguka goti lake, polepole, akaivuta, akaitengeneza kidogo upande wa kushoto, akaivua gotini ikiwa na fundo lake kamili. Akanipa kwa mikono miwili.

Nilishona kazi hiyo bila mashine. Uzi ulishika bitana tu, usitokee nje hata mahali pamoja, na fundo likakaa chini kabisa ya koo, pale ukosi unapofunga, ili aweze kulihisi akimeza mate. Nilifumua mshono na kuushona tena mpaka fundo likakubali kulala. Mgongoni nilipasua koti la Baraka tangu juu hadi chini, kama tunavyofanya, nikatia kamba za kufungia ubavuni.

Chefu alikuja na watu wake wawili. Mimi nilijipa kazi ya kukunja shuka kwenye kitanda cha jirani, shuka zile zile mara nyingi. Chefu akamshika mzee mkono, akaisifu abakosti, akasema kweli mzee amevaa kama mtu wa leo.

Muzee Lukas akaweka kiganja kifuani.

"Aksanti, chefu," akasema. "Niko nimevaa yote."

Baraka aliangalia dari. Walipoondoka, baba na mwana walicheka mpaka mwuguzi akaja kuona kuna nini, na mzee akalazimika kushikwa tumbo. Aliivaa mpaka mwisho. Baadaye Baraka alituletea nanasi, akaketi nasi tukalila, na hakuna aliyetaja kravati.

Lakini nilitaka kusema juu ya asubuhi nilipomaliza kushona. Mama Apolina alilichukua koti, akalipeleka dirishani, akafumba macho, akapitisha kidole ndani yote, kutoka koo hadi pindo.

"Siisikie uzi," akasema. Akanirudishia. Halafu akauchukua mkasi wake mzuri kutoka mfukoni, akauning'iniza kwenye msumari wa upande wangu. Sijapata kupokea kitu kikubwa kuliko hicho, na cheti changu cha ubatizo nakiheshimu.

Ndipo nikaona wakati wa kulipa deni umefika. Nilitafuta kikwembe cha buluu chenye maua ya njano. Kile kile hakikupatikana, nikapata ndugu yake. Nikashona libaya kwa mabega ya Mama Apolina, niliyoyajua kuliko yangu. Kwenye ukosi nikatarizi majani ya mangungu, yale ya msituni wanayofungia chakula kule kwao Niania, kwa sababu alipenda kutuambia kwamba wali uliopikwa kwa sufuria si wali. Nikampelekea mbele ya Mama Neema na mwuguzi Kaloli, ili mashahidi wa deni wawe mashahidi wa malipo.

Alilipapasa jani moja moja. Uso wake ulifurahi, niliona. Kisha akanyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa.

"Unaona? Inapanda."

Nikamwambia naona, avae basi.

"Mama yako alivaa wakati mikono ilikataa. Deni yako iko pale, haiko hapa. Leo ukinivalisha, utakuwa umenishonea sawa mutu wa soko." Akaikunja, akanirudishia. "Uniwekee. Yangu ikikataa, utakuya."

Mama Neema alisema huyu mwanamke ni mgumu kuliko ngozi ya ngoma. Nikairudisha nyumbani.

Miaka ya themanini ilipoanza, macho yake yalizimika kabisa, akarudi Niania kwa kaka yake. Siku anapanda kamyo, yaani lori, aliniambia mikono ikikataa atatuma mtu. Mimi nikabaki na chumba. Nilifundisha wasichana, baadhi yenu mko humo. Tulipata mashine ya pili iliyo nzima. Familia zikaanza kutuletea vitambaa zenyewe: kikwembe cha harusi, shati la mchimbaji, shela ya binti aliyetangulia. Nawaambia kwa kichwa kilichoinuka kwamba kwa miaka hiyo yote hakuna aliyelala wodini kwetu na shuka kidevuni kwa sababu ya kukosa nguo inayoingia. Waliokufa kwetu walikufa wamevaa, na walijiona.

Mwaka huu nimeacha kazi, kwa kuwa sindano na uzi havikubali tena kukutana mbele ya macho yangu. Juma lile lile nililowakabidhi mkasi, dereva wa kamyo aliingia uani akiniuliza. Akasema: mama wa Niania amesema ukuye na ile kitu.

Sikumwuliza zaidi. Niliitia libaya kwenye mkoba, nikapanda juu ya mizigo ya chumvi na sabuni. Mbele ya Mambasa barabara ilikuwa imekuwa ugali. Kamyo ilizama, tukakata miti, tukasukuma, ikazama tena hatua chache mbele. Wenzangu walilalamika juu ya chumvi yao. Mimi nilikuwa nimeukumbatia mkoba, nikiwaza kwamba nikikuta watu wameketi matanga uani, libaya hii itakuwa ile nguo ambayo mwenye kuivaa haioni. Na hiyo, alishasema, si kazi yetu. Nitakuwa nimewavisha watu wote wa Bunia isipokuwa yeye.

Tulifika. Uani hapakuwa na watu. Mama Apolina alikuwa ameketi kizingitini anachagua maharagwe kwa vidole, amekonda, kichwa cheupe. Nilimsalimu. Akanyoosha mkono, akanishika mabega.

"Umenenepa," akasema. "Vidole mbili."

Nikatoa libaya, nikamwekea magotini. Akaacha maharagwe. Akanyanyua mkono wa kulia, ukapanda wote. Akanyanyua wa kushoto. Ulifika sikioni ukasimama. Nilishika kamba za libaya, tayari. Akavuta pumzi, mkono ukapanda, pole, pole, mpaka ncha za vidole zikagusa mbao za juu ya mlango.

"Bado," akasema.

Nikauliza basi kwa nini alituma mtu, nami nimesukuma kamyo njia nzima.

"Nilisikia umetoka kazini. Nikasema niangalie kama umeitunza, ao umeipa mutu." Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuingia ndani ya nguo, vikapita ukosi, jani kwa jani, vikasimama kwapani. "Hapa uzi umechoka. Toa, ushone tena."

Kutunga sindano tulishindwa sote wawili. Mke wa kaka yake alitutungia, akicheka. Nikashona mbele yake, akifuata kwa kidole nyuma ya sindano yangu. Tulikula wali wa mangungu. Nilipoondoka aliniambia nipunguze na mabega, maana yeye hanenepi kama watu wengine.

Nimeshapunguza. Sikumpima, nilimwangalia tu. Libaya imefuliwa, iko ndani ya mkoba, mkoba uko nyuma ya mlango. Madereva wote wa njia ya Niania wanaijua nyumba yangu. Kila asubuhi, kabla ya chai, nanyanyua mikono yangu mwenyewe kwanza, nione kama bado inafika juu.

Ninyi mlioachiwa chumba, mtu wa kamyo akija hospitalini kuuliza fundi, msimpe fundi mwingine. Mleteni kwangu Saio.